Sababu ya Ujio

Igoma nzima ilijua kwamba Mama Jovitus, bibi wa Kihaya aliyekaa nyuma ya soko, alikuwa na mtoto meneja katika kampuni ya televisheni ya Upeo. Ilijua pia kwamba juu ya bati lake hapakuwa na dishi la Upeo. Mwanawe alimpelekea mara mbili, dishi na king'amuzi chake na fundi wa kulifunga, na mara zote mbili bibi alimnywesha fundi chai akamrudisha na vyombo vyake.

"Waitu, Jovitus, hilo dishi lina chaneli mia na arobaini," alimwambia mwanawe. "Nionyeshe moja tu itakayoniambia nani kafa mtaani kwangu."

Aliyoitaka yeye ni Chaneli Moja ya kebo ya jirani yake Paskazia, na ndiyo iliyokaa kwenye runinga yake tangu asubuhi hadi anapolala. Picha yake haikubadilika mwaka hadi mwaka: ziwa, mawe, na kivuko kimoja kilichosimama palepale kama kilichoharibika. Chini ya picha maandishi meupe yalipita polepole. Mtoto wa kike wa miaka minne kaokotwa stendi, yuko kwa balozi wa nyumba kumi. Maji hayatatoka Alhamisi. Mbuzi dume mweusi kapotea, mwenye habari aende kwa Masele wa mashine ya kusaga. Halafu misiba: nani kafariki, msiba uko nyumba gani, mazishi saa ngapi.

Kebo hiyo aliianzisha Mihayo, mume wa Paskazia, fundi redio aliyevuta nyaya nyumba hadi nyumba kwa mikono yake, akipitisha nyingine kwenye miti ya watu kwa ruhusa ya maneno tu. Mihayo alikuwa na kanuni moja ambayo hakuibandika popote kwa sababu kila mtu aliijua. Tangazo la msiba halilipiwi wala halikataliwi, hata likiwa la mtu asiye mteja, hata likiwa la adui. Miaka mitano iliyopita yeye mwenyewe alifariki, na Paskazia aliliandika tangazo lake kwa vidole vyake, akakosea jina la mume wake mara mbili kwa machozi, akarekebisha.

Lakini tusidanganyane. Watu hawalipii kebo kwa ajili ya misiba. Walilipia mpira, na katika mpira huo misiba ilipata usafiri. Mpira ulikuwa wa Upeo. Ndiyo iliyonunua haki ya kuonyesha ligi, na kwa miaka kadhaa iliwauzia watu wa kebo chaneli zake kwa jumla, nao wakawauzia majirani zao rejareja. Mwaka jana mkataba ulipoisha, Upeo haikuuhuisha. Ilifungua duka lake Igoma, jirani kabisa na ofisi ya Paskazia, na kuanza kuuza madishi.

Mtu yeyote aliyewahi kuuza vitunguu pale sokoni anaelewa shida hiyo bila kufundishwa. Mwenye duka la jumla akiamua kuuza na rejareja, halafu akakataa kukuuzia wewe mchuuzi, hujashindwa biashara, umefungiwa nje. Kwa mechi moja tu ya watani wa jadi ambayo kebo haikuionyesha, nyumba arobaini zilikata nyaya. Watoto wa waliobaki walihamia vibanda umiza, kutazama mpira kwa kiingilio. Paskazia aliona wazi mwisho wa jambo: mpira ukiondoka, wateja wataondoka, wateja wakiondoka, umeme wa mitambo hautalipika, na Chaneli Moja itazimika. Siku hiyo mtu wa Igoma atakufa na jirani wa nyumba ya nne atakuja kusikia akiwa ameshazikwa. Hilo ndilo lililomtia hofu, na alilisema kwa kila aliyetaka kusikia.

Akaenda kuomba. Meneja wa Upeo kwa Mwanza alikuwa huyo huyo Jovitus Ishengoma, mtoto wa mteja wake, kijana aliyemwona akirudi likizo na vitabu vya chuo mkononi. Sasa wewe niambie, mtu kama huyo unamwandikia barua? Barua ni ya mtu mliyegombana naye. Mtoto wa jirani unamfuata, unakaa, mnajuliana hali, na jambo lenyewe unalitoa mwishoni kabisa, taratibu, ili naye apate nafasi ya kukusaidia bila kuaibika. Mara ya kwanza alimpelekea na sato wawili wabichi waliotoka mwaloni, kwa wavuvi, asubuhi hiyo.

Getini kwenye ofisi za Upeo, kule Mirongo, palikuwa na mlinzi mtu mzima aliyeitwa Chenge, na daftari kubwa la wageni. Chenge alimwandikia jina, alikotoka, anayemwona.

"Sababu ya ujio, mama?"

"Kusalimia tu, baba."

Chenge aliandika bila kuinua uso. Ukurasa ule ule, wageni watatu kati ya wanne walikuwa wamekuja kusalimia.

Ishengoma alimpokea vizuri, na hilo lazima tumpe haki yake. Alisimama, akasema shikamoo mama, akaagiza soda, akauliza habari za Igoma. Paskazia alipofika mwisho wa salamu na kutoa ombi lake, auziwe tena kwa jumla, kwa bei ile au hata ya juu kidogo, kijana aliinamisha kichwa.

"Haiwezekani kwa sasa, mama. Ni maelekezo ya makao makuu. Lakini usikate tamaa."

Hakukata tamaa. Alirudi mara tatu zaidi, na mara zote alikuta soda na heshima, akaondoka na yale yale: haiwezekani kwa sasa.

Mwezi wa tano Mamlaka inayosimamia mambo ya utangazaji ilituma baraza lake Mwanza kusikiliza malalamiko ya watu wa kebo. Kanuni ilikuwa upande wao: mwenye chaneli ambayo soko zima linaitegemea hawezi kumnyima mdogo anayetaka kununua kwa jumla bila sababu ya msingi. Wenzake wawili, wa Buhongwa na wa Sengerema, walikuwa wameshauza nyaya zao kwa wanunuzi wa chuma chakavu, hivyo Paskazia aliingia ukumbini peke yake, amevaa kitenge alichovaa kwenye arobaini ya mumewe.

Wakili wa Upeo alikuwa ametoka Dar es Salaam kwa ndege ya asubuhi. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kampuni yetu haijamnyima mtu. Ili ukatae, lazima kwanza uombwe. Tunaomba mlalamikaji atuonyeshe barua ya maombi. Hata moja."

"Nilikwenda mwenyewe," alisema Paskazia. "Mara nne."

"Kuna maandishi yoyote?"

Uso wa Paskazia ukafunguka. "Yapo. Kuna daftari la getini kwao. Mlinzi aliandika kila nilipokwenda."

Mwenyekiti, mzee aliyeitwa Nkwabi, aliagiza daftari liletwe. Watu wakaenda kula. Paskazia alikula ugali na dagaa kwa hamu ambayo hakuwa nayo kwa wiki nzima. Waliporudi, Chenge alikuwa amesimama mlangoni na daftari kifuani, amevaa sare. Hakumtazama Paskazia. Alikuwa ameshalisoma njiani.

Afisa wa Mamlaka, binti aliyeitwa Sharon, ndiye aliyepewa kazi ya kusoma. Alisoma tarehe ya kwanza. Jina: Paskazia Mihayo. Anakotoka: Igoma. Anayemwona: Meneja. Sababu ya ujio: Kusalimia. Akafunua kurasa. Tarehe ya pili: Kusalimia. Ya tatu: Kusalimia. Aliposoma ya nne sauti yake ilikuwa imeshuka, na alilifunga daftari kwa mikono miwili.

Ukumbini palipita kicheko kidogo cha watu walioelewa, kisha kikakatika chenyewe. Hakuna mtu mle ndani ambaye hakuelewa. Ni nani mwenye adabu zake anayefika kwenye geti la mtu na kumwaga shida yake kwa mlinzi? Hata mzee Nkwabi alielewa, kwa kuwa alizaliwa Magu na amewahi kusalimia watu wengi maishani mwake. Lakini mwenyekiti wa baraza haandiki uamuzi kwa anayoyaelewa. Anaandika kwa yaliyo mezani.

Alivua miwani. "Bwana Ishengoma. Nakuuliza wewe, siulizi daftari. Huyu mama alikuja ofisini kwako kufanya nini?"

Ishengoma alisimama. Alimtazama wakili, akalitazama daftari. Kwa Paskazia macho yake hayakufika.

"Alikuja kusalimia, Mheshimiwa."

Paskazia aliumia, na hakuna sababu ya kulizungusha hilo. Uongo wa adui angeuzoea. Huu ulitoka kwa mtoto aliyekula sato wake, tena ulitengenezwa kwa adabu yake yeye mwenyewe. Alikaa, akaweka mikono mapajani, na kwa muda mrefu hakusikia kilichoendelea.

Uamuzi ulisomwa alasiri hiyo hiyo. Lalamiko halikuthibitishwa. Mwenye ushahidi mpya aulete ndani ya siku arobaini na tano, na baada ya hapo shauri litafungwa. Kwenye korido Sharon alimfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, kuanzia leo andika kila kitu. Nani kaja, kaja lini, kasema nini. Hata mimi nikija kwako, niandikishe."

Paskazia alinunua kauntabuku. Akachora safu kwa rula ya mtoto wa jirani: tarehe, jina, sababu ya ujio. Alifanya hivyo kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini, na walioingia ofisini kwake walishangaa kuandikishwa kama wamefika kituo cha polisi.

Wiki moja baadaye Mama Jovitus alikuja kwa miguu, na fimbo yake, akipumzika kila baada ya nyumba tatu. Hakuzungumzia baraza hata kidogo. Alikaa, akanywa chai, akaulizia magoti ya Paskazia, akaeleza ya kwake. Alipoulizwa aandikwe sababu gani, alisema amekuja kusalimia. Alipokuwa anaondoka aliushika mlango akasimama hapo, mgongo kwa Paskazia.

"Mtoto unamzaa mwili," alisema. "Maneno yake anajizalia mwenyewe."

Paskazia alijua ameombwa radhi. Alimsindikiza mpaka sokoni.

Nyumba ziliendelea kukata nyaya. Kutoka mia sita zilibaki tisini na kitu, wengi wao wazee. Paskazia aliamua kwamba mwisho wa mwezi atazima mitambo. Tangazo la kuzima alishaliandika, lakini kila asubuhi aliahirisha kulirusha, mara kwa sababu kuna msiba, mara kwa sababu kuna mtoto aliyepotea, na mtu hawezi kutangaza kifo chake katikati ya shida za wengine.

Siku ya arobaini na moja, saa mbili asubuhi, Jovitus Ishengoma alisimama mlangoni. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo, na gari lake aliliacha mbali, barabarani, kana kwamba hakustahili kulisogeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Za hapa?"

"Za hapa nzuri. Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kusalimia."

Paskazia alilisukuma kauntabuku mbele yake na kumpa kalamu. Ishengoma aliandika tarehe, akaandika jina, na kwenye safu ya tatu aliandika Kusalimia, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Kisha akalitazama neno lile. Alilitazama mpaka mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama amefariki," alisema. "Alfajiri. Presha. Tulimfikisha hospitali, hakukaa hata saa moja."

Paskazia alishika ukingo wa meza. Alimwona bibi mlangoni, mgongo kwake, fimbo mkononi.

"Kesho saa tatu tunamwombea hapa usharikani, halafu tunaondoka naye kwenda kwao Muleba. Nimepiga simu, mama. Nimekuta namba za watu wake wa Igoma ninazo tisa tu. Miaka ishirini amekaa hapa, amewauguza watu, amewaimbia, na mimi nina namba tisa." Alifuta uso kwa kiganja. "Watu wake wote wako kwenye nyaya zako. Naomba umtangaze."

Hapo Paskazia alikuwa na maneno tayari mdomoni. Haiwezekani kwa sasa. Maneno matatu, ameyasikia mara nne, anayajua mpaka pumzi yake. Chaneli ilikuwa ya kwake, geti lilikuwa la kwake, na huyu hapa anayehitaji kupita. Hakujidanganya: aliyataka maneno yale. Aliyataka kwa mwili wote, kama mtu mwenye kiu. Aliacha dakika ipite, na Ishengoma aliiona dakika hiyo na kuielewa, maana aliinamisha kichwa kuingojea.

Halafu Paskazia alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta ya Mihayo.

"Jina kamili la marehemu?"

Ishengoma aliinua kichwa. "Dorcas Kokugonza."

Miaka ishirini mtaa ulimwita Mama Jovitus, na Paskazia ndiyo kwanza alikuwa analisikia jina lake. Aliliandika polepole, asikosee. Aliandika nyumba, saa, usharika, Muleba. Akasoma kwa sauti, kijana akaitikia, akabonyeza. Kwenye runinga ndogo iliyokuwa ukutani, chini ya ziwa na mawe na kivuko kisichokwenda, jina la Dorcas Kokugonza liliingia kutoka kulia.

Ishengoma alisimama akilitazama likipita mara tatu. Kisha akarudi mezani, akachukua kalamu bila kuulizwa, na chini ya mstari wake akaanza kuandika. Aliandika tarehe nne. Alizijua tangu barazani. Kwenye safu ya jina aliandika mara nne Paskazia Mihayo. Kwenye safu ya tatu, mara nne: Kuomba kununua chaneli zetu kwa jumla. Safu zilikuwa zimekwisha, hivyo neno la mwisho aliliandika pembeni, nje ya mstari wa rula: Nilimkatalia. J. Ishengoma, Meneja. Akaweka sahihi.

Paskazia aliona anachofanya, akaweka kiganja juu ya karatasi. "Mimi sikukuomba hili. Tangazo la msiba hapa halinunuliwi."

"Sinunui, mama. Limeshatoka."

"Watakufukuza kazi."

"Najua."

"Una watoto."

"Ninao." Aliiweka kalamu sawa na ukingo wa daftari. "Mama yangu alisikia nilichosema barazani. Hakuniuliza. Siku zote hizi arobaini hakuniuliza hata mara moja, na mimi nilikuwa nangoja aniulize ili nimweleze."

Paskazia alimfungua kifungo cha juu cha shati, akakifunga mahali pake, kama ambavyo mama yake angefanya, na kumwambia aende akasimamie viti vya watu.

Viti havikutosha. Kufikia saa sita ua wa nyuma ya soko ulikuwa umejaa hadi njiani. Walikuja wa mashine ya kusaga, wanakwaya, wauza samaki na ndoo zao, wazee wenye kebo na jirani zao wenye madishi walioambiwa na wazee wenye kebo. Paskazia alikaa na wanawake ndani, akaimba nyimbo za Kilutheri ambazo hakuzijua vizuri, na alimlilia Dorcas Kokugonza kwa jina lake.

Siku ya arobaini na nne alipanda ngazi za ofisi ya Mamlaka na kauntabuku ndani ya mfuko wa plastiki. Sharon alisoma ukurasa ule mara mbili. Aliinua uso, na macho yake yalikuwa ya kiofisi, kwa sababu swali lilikuwa la kiofisi na lazima liulizwe.

"Mama, hili ni kubwa. Watatuuliza kama alilazimishwa, au kama mlimwita. Alikuja kwako kufanya nini?"

"Si ameandika hapo," alisema Paskazia. "Alikuja kusalimia."

Sharon hakucheka. Aliutafuta mstari wa kwanza kwa kidole, akalisoma lile neno, akafungua kidau cha wino, na kugonga muhuri wa kupokelewa.